Volti Kumi na Saba Zilizobaki

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, na mlio wa mashine ya kukamua alizeti ulikuwa umebadilika kabla yeyote kati yetu hajasema neno. Mota ilianza kuguna kama punda aliyezidiwa na mzigo mlimani, kisha ikaja harufu ambayo kila fundi wa umeme anaitambua hata akiwa usingizini: vanishi inaungua. Kijana wa mashine aliikimbilia swichi, lakini alichelewa. Mashine ilisimama na mbegu zikiwa tumboni, mafuta yakaendelea kudondoka kwenye ndoo kwa dakika nyingine mbili, tone baada ya tone, huku akina mama waliokuwa kwenye foleni na magunia yao wakitutazama bila kuuliza kitu.

Mama mwenye mashine alikaa juu ya gunia la mashudu.

"Mwanangu," aliniambia, "hii ni mara ya tatu."

Sikuwa na jibu la kumpa. Mara mbili za kwanza ni mimi niliyemwambia kwamba sasa mashine imepona.

Mota ileile, kifo kilekile

Mashine hiyo iko katika mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, mahali ambapo kuanzia mwezi wa tano alizeti huingia kwa mikokoteni, kwa pikipiki na kwa vichwa vya watu. Mota yake ni ya kilowati 15, ile tunayoiita ya hosipawa 20, na kibao chake kinasema ampea 28. Ilipofungwa ikiwa mpya ilifanya kazi miezi kumi na minne bila kulalamika. Ilipoungua mara ya kwanza nikaipeleka Dodoma mjini kusukwa upya waya zake, nikairudisha, ikadumu wiki tano. Ilipoungua mara ya pili nikafanya vilevile, ikadumu siku kumi na mbili.

Umri uliokuwa unafupika hivyo ulipaswa kunistua mapema. Badala yake nilijipa maelezo yaliyokuwa karibu na mkono. Mara ya kwanza nililaumu vumbi na maganda ya alizeti yaliyoziba mapezi ya kupoozea, na kweli yalikuwa yameziba. Mara ya pili nililaumu beringi, na kweli beringi ya nyuma ilikuwa imeanza kulia. Kila maelezo yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana yalinitosha.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona na kulipita. Ovalodi kwenye swichi ya kuwashia mota, inayokata umeme mkondo ukizidi, ilikuwa imezungushwa hadi ampea 36. Kijana wa mashine alikiri kwamba ilikuwa inakata kila jioni na foleni inakuwa ndefu, hivyo akaiongeza kidogo, na siku nyingine kidogo tena. Kifaa kilichowekwa kuilinda mota kilikuwa kimepiga kelele kwa wiki nyingi kikisema kuna tatizo, na sisi tukakifunga mdomo.

Pembe nne za mraba

Asubuhi baada ya ile jioni nilipima umeme kwenye boksi la mota, waya zikiwa zimefunguliwa. Mota hii hulishwa na njia tatu, yaani nyaya tatu za umeme. Nilipata volti 404 kati ya njia nyekundu na njano, 402 kati ya njano na bluu, na 403 kati ya bluu na nyekundu. Namba nzuri kuliko nyingi ninazokutana nazo mjini. Nikaandika kwenye daftari: "Umeme uko sawa." Nayarudia maneno hayo hapa kwa sababu ndiyo yaliyonipotosha kuliko jambo jingine lolote katika kisa hiki.

Mzee anayesuka mota, kule Kizota, Dodoma mjini, aliifungua mbele yangu akanyamaza kwa muda. Kisha akanionyesha kwa kidole. Waya hazikuwa zimeungua zote. Kulikuwa na makundi manne ya koili yaliyokuwa meusi kama mkaa, yamekaa kama pembe nne za mraba kuizunguka stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka, na kati yao makundi mengine yalikuwa bado yana rangi yake ya vanishi, baadhi yamegeuka hudhurungi kidogo tu. Mota iliyozidiwa mzigo, alinieleza, huungua kwa haki: koili zote hupata sehemu yao. Inapoungua kwa pembe, maana yake njia moja imebeba zaidi ya wenzake.

"Fyuzi moja ilikatika?" niliuliza.

"Ingekatika fyuzi, isingekufikisha siku kumi na mbili. Ingekufa siku hiyohiyo."

Aliongeza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia zamani na kulipuuza. Kila mara stata inapochomwa moto ili kuziondoa waya za zamani, zile karatasi nyembamba za chuma zinazounda kiini chake hupoteza sehemu ya kihami, yaani kinga isiyopitisha umeme, kilichoko kati yao, na mota inayorudi hupata joto zaidi kuliko ile iliyokwenda, hata kama imesukwa vizuri kiasi gani. Kwa hiyo kila safari yangu ya kwenda Kizota na kurudi ilikuwa inamrudishia yule mama mota dhaifu kuliko ya awali, na mimi nikiiita nzima.

Mzee alikataa kuisuka mara ya tatu. Hakukataa kwa ukali. Alifuta mikono yake akasema: "Mimi kazi yangu kuzika. Wewe ndiye uliyekaa na mgonjwa. Kaniambie kwanza alikuwa anaumwa nini."

Kupima mgonjwa akiwa amelala

Tuliazima mota ya ukubwa uleule kwa mwenye mashine ya kusaga wa mtaa wa pili. Safari hii sikupima asubuhi. Nilisubiri jioni, foleni ikiwa ndefu, mashine ikiwa imejaa mbegu na inafanya kazi yake kamili, ndipo nikaweka mita.

Volti 395. Volti 383. Volti 371.

Nilirudia mara tatu nikidhani waya za mita zangu zina kasoro. Kisha nikapima mkondo. Njia nyekundu ilibeba ampea 34, njano 24, bluu 27. Hapo nilichanganyikiwa zaidi, kwa sababu nilipopima kila njia dhidi ya nyutro, waya wa kurudishia umeme, niliona iliyoshuka ni bluu, volti 208 wakati wenzake wana 228, ilhali iliyozidiwa mkondo ni nyekundu.

Njia iliyokuwa inaumwa haikuwa ile iliyokuwa inaungua.

Jambo hili lilinichukua usiku mzima kulielewa na bado nalitafakari. Mota ya njia tatu haimsikilizi kila mmoja peke yake, inawasikiliza watatu kwa pamoja. Njia moja ikilegea, ndani ya mota huzaliwa nguvu nyingine ndogo inayojaribu kuzungusha rota, sehemu ya mota inayozunguka, kinyume, na mkondo wa nguvu hiyo huongezeka kwenye njia moja na kupungua kwenye nyingine kwa mpangilio ambao macho hayauoni. Viwango vya NEMA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, vinaeleza kwamba tofauti ya mkondo huweza kuwa mara sita hadi kumi ya tofauti ya volti, na kwamba joto huongezeka kwa asilimia ambayo ni takriban mara mbili ya mraba wa asilimia ya tofauti ya volti. Wastani wa volti zangu ulikuwa 383, na iliyokwenda mbali zaidi na wastani ilitofautiana nao kwa volti 12. Hiyo ni asilimia 3.1 tu. Weka kwenye kanuni: joto la waya linapanda kwa karibu asilimia 20. Na ile njia ya ampea 34, ukilinganisha na 28 za kibao, ilikuwa inazalisha ndani ya waya zake joto la karibu mara moja na nusu, maana joto la waya hufuata mraba wa mkondo.

Asilimia tatu! Ni kiasi ambacho mtu akikuambia sokoni humbishii.

Kosa lenye sura

Nilianza kuifuata njia ya bluu kutoka kwenye mota kurudi nyuma. Kontakta ilikuwa salama. Swichi kuu ilikuwa salama. Chini ya mita ya LUKU kulikuwa na boksi ambamo kebo ya alumini inayotoka kwenye nguzo inakutana na kebo ya shaba inayokwenda kwenye mashine, na nilipolifungua tu nikajua nimefika. Maungio ya bluu yalikuwa yamebadilika rangi, plastiki imekauka na kupasuka, na kwenye alumini kulikuwa na unga wa kijivu. Fundi aliyeziunga zamani alizibana shaba na alumini pamoja kwa boliti moja, bila lagi (kichwa cha kubania waya) ya metali mbili wala grisi ya kuzuia hewa.

Alumini ikikutana na hewa hujifunika mara moja kwa ngozi ngumu isiyopitisha umeme. Tena hutanuka kwa joto zaidi ya shaba, hivyo kila mashine inapowashwa na kuzimwa maungio hujibana na kulegea, kujibana na kulegea, hadi siku moja yanabaki yanagusana kwa ncha tu. Nilivaa glavu, nikasimama juu ya ubao mkavu, kijana akashika swichi kuu, na mashine ikiwa na mzigo nikaweka ncha moja ya mita upande wa alumini na nyingine upande wa shaba wa maungio hayohayo. Maungio mazuri hayaonyeshi hata sehemu ya kumi ya volti. Haya yalionyesha volti 7. Volti 7 kwa ampea 27 ni karibu wati 190 zinazogeuka kuwa joto ndani ya boksi dogo, usiku kwa usiku, hatua mbili kutoka kwenye ukuta uliofunikwa na vumbi la alizeti. Nilitetemeka kidogo.

Asubuhi tulizima kila kitu. Nilikata, nikasugua, nikapaka grisi, nikabana lagi zinazostahili kwenye njia zote tatu na nyutro. Nikarudisha ovalodi kwenye 28 na kuweka alama ya rangi mahali pake. Nilimwita mama, nikamwonyesha kipande cha kebo kilichoungua, nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Alikigeuzageuza mkononi na kusema, "Kumbe ni hiki." Wateja wawili walikuja kukitazama pia. Kilikuwa na uso wa mkosaji kabisa: kimeungua, kinanuka, na unaweza kukishika.

Jioni nilipima kwa ajili ya kumbukumbu tu. Volti 395, 387, 378. Ampea 32, 25, 27. Ovalodi haikukata. Mama alinilipa, akanifungia na chupa mbili za mafuta. Nikarudi Dodoma.

Daftari

Sijui kama wenzangu katika kazi hii hupatwa na hali kama ile. Kwa wiki tatu mota ilifanya kazi. Hakuna aliyenipigia simu kulalamika. Nilikuwa nimepata kosa, nimelirekebisha, na mashine inazunguka; kwa desturi za ufundi kazi hiyo imekwisha. Lakini kila nilipofungua daftari kuandika kazi nyingine, ukurasa ule ulinisimamisha.

Tofauti kati ya volti ya juu na ya chini ilikuwa 24. Maungio yalikula 7.

Zilibaki 17.

Mwanzoni nilijiambia kwamba ni kawaida, hakuna laini ya mashambani iliyonyooka kama rula. Kisha nikapiga hesabu upya. Asilimia 3.1 ilikuwa imeshuka hadi 2.2, na joto la ziada lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 20 hadi 10. Mafundi wa mota hutumia kanuni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wa kihami cha waya hupungua kwa nusu. Ni fikra iliyotokana na tafiti kama ile ya Montsinger, mhandisi wa Marekani aliyechunguza joto la transfoma na kuchapisha matokeo yake mwaka 1930. Kama mota inapanda nyuzi 80 juu ya hewa ikiwa na mzigo kamili, asilimia 10 ni nyuzi 8. Maana yake nilikuwa nimemwacha yule mama na mota itakayoishi zaidi kidogo ya nusu ya umri wake. Isingeungua mwezi ule. Ingeungua msimu mwingine, baada ya watu kusahau, na hakuna ambaye angekuja kwangu. Angelaumiwa mzee wa Kizota, au kiwanda, au vumbi.

Hilo ndilo lililoninyima raha. Nilikuwa nimepata kosa lenye sura, na sura yake ikanifanya niache kuhesabu. Kama maungio yale yangekuwa safi ningeendelea kutafuta hadi usiku wa manane. Ubaya wake ndio ulionishibisha. Nikakumbuka vumbi la mara ya kwanza na beringi ya mara ya pili, nikaona kwamba nilikuwa nimefanya jambo lilelile mara tatu: kila nilipopata kitu kibaya nilikibebesha mzigo wote, bila kuuliza kama kinaweza kuubeba.

Jumamosi ya wiki ya tatu nilipanda basi kwenda kule, kwa nauli yangu.

Jioni ya pili

Mama alinipokea kwa wasiwasi. "Fundi, kuna nini? Mbona haijaharibika?" Nilimwomba jambo moja lililokuwa gumu kwake: saa moja na nusu jioni, foleni ikiwa mlangoni, azime mashine kwa dakika tano. Alinitazama, akawatazama wateja, akamwambia kijana azime.

Nilipima kwenye swichi kuu, kabla ya chochote kilicho chake. Mashine ikiwa kimya kabisa, njia tatu zilinipa 401, 394 na 386.

Hizo hazikuwa zake. Mota haikuwapo, maungio yake hayakuwa na mkondo wa kupoteza, na bado bluu ilikuwa imelala.

Kilichofuata kilikuwa kutafuta nani hana hatia. Nilianza na nyutro, kwa sababu mtaani ndiyo inayolaumiwa kila taa zinapochezacheza, na katika ardhi ya Dodoma, inayokauka kuanzia mwezi wa tano hadi mvua za mwisho wa mwaka, nondo za ardhini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Lakini nyutro iliyolegea hubadilisha volti za kila njia dhidi ya nyutro. Haiwezi kubadilisha volti kati ya njia na njia. Zangu zilikuwa zimebadilika kati ya njia na njia. Nikaiachia.

Nikaja kwenye fyuzi za juu, upande wa kilovolti 33. Fyuzi moja ikidondoka kule juu, kwenye transfoma zetu za kawaida, njia moja hubaki nzima na mbili hushuka hadi karibu nusu, na mtaa mzima ungejua kwa sababu taa za theluthi mbili ya nyumba zingekuwa kama vibatari. Haikuwa hiyo pia.

Alibaki jirani, fundi wa kuchomelea. Wateja kadhaa walikuwa tayari wamemhukumu. Walisema tangu alipoweka mashine yake kubwa umeme wa mtaa umekuwa mbovu. Nakiri kwamba mimi pia, kwenye basi, nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia. Nilikwenda kwake, nikamwamkia, nikamuuliza anafunga saa ngapi. Alisema yeye hufunga adhuhuri ya Jumamosi, na siku nyingine hufunga jua linapozama kwa kuwa anachomelea nje. Kiwanja chake kilikuwa giza. Nilimshukuru nikaondoka bila kumweleza nilichokuwa nakidhania, na hadi leo naona haya nikimkuta.

Nililala kwa ndugu wa mama na nikapima kila nusu saa. Saa kumi na moja jioni namba zilikuwa zimenyooka. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu bluu ilianza kushuka. Saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu ilikuwa chini kabisa. Saa nne usiku ikaanza kupanda, na saa kumi na moja alfajiri nikapata 404, 403, 403. Nilikuwa nimesimama gizani na tochi mdomoni nikiandika namba hizo, na niliposikia jogoo nikageuka kuutazama mtaa: nyumba baada ya nyumba za bati jipya, zote kwenye mstari mmoja wa nguzo, nyingi zikiwa zimeingiziwa umeme miezi michache iliyopita. Miezi mingi kati ya ile kumi na minne ya kwanza ya mota ile, nyumba hizo hazikuwa na taa.

Ampea 131

Sikwenda kwenye ofisi ya umeme kulalamika. Nilipeleka karatasi moja yenye saa upande wa kushoto na volti tatu upande wa kulia, pamoja na ile ya mashine ikiwa imezimwa. Naamini karatasi hiyo ndiyo iliyonisaidia. Mtu akisema "umeme wenu mbovu" anajibiwa kwa kujitetea. Mtu akileta jedwali, mafundi huinama kulisoma. Waliinama. Vijana wawili walikuja Jumanne jioni na gari lenye ngazi.

Transfoma ya mtaa ule ni ya kVA 100, inayoweza kutoa ampea 144 kwa kila njia. Walibana mita ya mkondo kwenye nyaya zake moja baada ya nyingine nami nikiwa chini naandika. Nyekundu 62. Njano 58. Bluu 131.

Kwa jumla transfoma haikuwa imezidiwa. Ilikuwa inatoa chini ya theluthi mbili ya uwezo wake. Ukiuliza tu kama inatosha, jibu ni ndiyo. Lakini nyumba zilipokuwa zikiunganishwa, moja leo na nyingine wiki ijayo, kila aliyepanda nguzoni aliunga kwenye waya uliokuwa karibu na mkono wake, na katika mtaa ule uliokuwa karibu ulikuwa bluu. Hakuna aliyekosea kwa nyumba yoyote moja. Nyumba moja ni ampea mbili, tatu, taa na televisheni na pasi ya mara kwa mara. Mkondo huo wa ziada ulisafiri mita mia kadhaa za alumini hadi kufika kwa mama, na kila mita ilijichukulia kidogo.

Zile volti 17 zilikuwa zimetapakaa hivyo, kwenye waya mzima wa mtaa, bila mahali popote pa kunusa wala pa kushika. Ningeweza kupanda kila nguzo na nisingeona doa hata moja jeusi.

Walihamisha nyumba kwa jioni mbili, nguzo kwa nguzo, baadhi kwenda nyekundu na baadhi kwenda njano. Wazee wawili walitoka kuuliza kwa nini wanakatiwa na wao wamenunua LUKU, na kijana mmoja kati ya wale mafundi akawaeleza kwa subira niliyoiheshimu sana. Walipomaliza walipima tena: 86, 79, 84.

Namba za jioni

Mama alinisikiliza nilipomsimulia yote hayo, kisha akauliza swali nililokuwa nikiliogopa tangu kwenye basi. "Sasa zile mara mbili za kwanza, baba, nani alikosea?"

Nilimwambia kwamba nyumba za mtaa hazikukosea, mzee wa Kizota hakukosea, na kijana wake wa mashine alikosea kuongeza ovalodi lakini ovalodi ilikuwa inakata kwa sababu ya kweli. Aliyekuwa na mita mkononi ni mimi, na niliipima asubuhi. Nilimrudishia fedha ya ufundi ya mara zote mbili. Ya kusuka sikuwa na uwezo wa kuirudisha yote kwa mkupuo. Tulikubaliana nitamfanyia matengenezo ya msimu mzima bila malipo, na ninaendelea kufanya hivyo.

Mota ya zamani haikurudi. Tulinunua nyingine, mpya. Juu ya swichi ya kuwashia mota nimemfungia kipimo chenye vioo vitatu, kimoja kwa kila jozi ya njia, na nimemfundisha kijana kuandika namba zake saa mbili usiku, mashine ikiwa na mzigo, kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye msumari. Nilimwambia zikitofautiana kwa zaidi ya volti 8 anipigie kabla ya kuendelea kukamua.

Mama hasubiri zitofautiane. Hupiga kila jioni, mwenyewe, na husoma taratibu kwa sababu hana miwani. Jana alianza kwa kuniuliza habari za watoto, akanieleza kwamba alizeti ya mwaka huu ina mafuta mengi, kisha nikamsikia akisogea karibu na mashine, mlio wake ukajaa kwenye simu.

"Umeshika kalamu?" aliuliza. "Mia tatu tisini na mbili. Mia tatu tisini. Mia tatu themanini na saba."